Uzi maalumu: Tanga ya viwanda, mkonge, bandari na bomba. Wana Tanga mlioko Dar, karibuni

#1 Mleta mada, Tabata

Wanajamvi, habari za jioni.

Juzi nilikuwa Mbezi, stendi ya Magufuli, namsindikiza mama mdogo anarudi Tanga. Kijana aliyekaa benchi moja na sisi, mzaliwa wa hapa hapa Dar, akamuuliza: "Mama, kule Tanga watu wanafanya kazi gani?" Hakuuliza kwa ubaya. Mama mdogo akamjibu kwa upole kwamba watu wanalima, wanavua, wanafanya biashara ndogondogo. Jibu lile lilinikaa kooni mpaka nafika Tabata. Mama mdogo mwenyewe alifanya kazi kiwandani miaka kumi na moja, na hakulitaja hilo. Neno kiwanda limeshatoka midomoni mwa watu wa Tanga kiasi hicho.

Ndiyo maana nimefungua uzi huu.

Mimi nimezaliwa Ngamiani, ule mtaa ambao barabara zake zinaitwa kwa namba. Mtu akikwambia anakaa ya kumi na mbili, umeshajua pa kumtafuta. Asubuhi king'ora kikilia, barabara zilikuwa zinajaa baiskeli, wanaume na wanawake, kila mtu na kikapu chake cha chakula. Jioni zinarudi. Sisi watoto tulikuwa tunajua saa kwa king'ora, maana nyumbani saa ya ukutani ilikuwa imekufa siku nyingi.

Tuanze mbali kidogo. Wajerumani waliiwahi Tanga mapema. Mwaka 1892 walifungua pale shule ya serikali, na mwaka 1893 wakaanza kujenga reli kutoka bandarini kuelekea Usambara. Reli ilikwenda kwa kusuasua, kampuni iliyoianza ikaishiwa fedha, serikali yao ikaichukua, na Moshi ikafikiwa mwaka 1911. Ilijengwa kwa ajili ya mashamba ya walowezi. Mwaka ule ule wa 1893 ndipo mkonge ulipoingia. Mtaalamu wa kilimo aliyeitwa Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, asili yake ikiwa Mexico. Iliyofika ikiwa hai ni 62. Ikapandwa Kikokwe, karibu na Pangani. Mashamba yote mnayoyaona mkipita Segera, Korogwe, Muheza, mpaka yale ya Morogoro, yana asili kwenye miche ile 62. Nikipita pale na basi huwa nawaambia wanangu, na bado nashangaa mwenyewe.

Vita vya 1914 sitavieleza sana. Waingereza waliteremsha askari wengi kutoka India pale Tanga mwezi Novemba, wakapigwa na jeshi dogo la Wajerumani na askari wao Waafrika, na nyuki nao wakaingia vitani kwa hesabu zao. Baada ya vita mashamba ya Wajerumani yakauzwa, wakayanunua Wagiriki, Wahindi, Waingereza na wengine. Hapa Dar kila mtu anaujua Ukumbi wa Karimjee. Familia ile ilikuwa miongoni mwa wakulima wakubwa wa mkonge nchini. Kwa hiyo singa za Tanga, yaani nyuzi za mkonge, zimo hata kwenye kuta za ukumbi lilimokaa Bunge letu la mwanzo.

Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa tani zaidi ya 230,000 za mkonge. Dunia nzima hakuna aliyetufikia. Sehemu kubwa ya singa hizo ilikwenda kusokotwa kamba za kufungia majani makavu ya mifugo kwenye mashamba ya Ulaya na Amerika. Naomba mlishike hilo, kwa sababu ndipo kisa kilipo. Jiji zima, reli yake, bandari yake, kambi zake za wafanyakazi, vilitegemea kamba moja ya kufungia majani ya ng'ombe wa watu wengine. Kamba za plastiki zilipoingia sokoni zikiwa za bei ndogo, hakukuwa na kitu cha pembeni cha kushikilia.

Wengi hulaumu utaifishaji wa 1967 peke yake. Ulikuwa na makosa yake, mashamba mengine yalikabidhiwa watu wasioujua mkonge, na mkonge usipopandwa upya kwa wakati shamba linakufa huku limesimama. Lakini bei ilishaanza kuporomoka kabla ya Azimio la Arusha. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa hatufikishi hata tani 30,000.

Viwanda vya mjini ni hadithi nyingine na yenyewe. Serikali iliitazama Tanga ikaona ina bandari, reli na watu waliozoea kazi ya zamu, ikaipa viwanda. Cha mbolea, cha chuma, na mwaka 1980 cha saruji kule Pongwe. Vikawepo vya mbao, sabuni, plastiki. Angalieni tofauti yake. Cha mbolea kilianza kwa kuagiza karibu kila malighafi kutoka nje kwa meli. Mwaka 1983 yakaanza kuchimbwa mawe ya fosfati Minjingu, kule Manyara, ili kukilisha, lakini vitu vingine bado vilihitaji fedha za kigeni, na miaka ile fedha za kigeni zilikuwa hazipatikani. Mwaka 1991 kikafungwa. Cha saruji kimekalia mawe yake ya chokaa pale pale, na mpaka leo kinatoa moshi.

Baba yangu alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda kimojawapo, sitakitaja. Kilipofungwa waliambiwa warudi baada ya wiki mbili kuchukua mafao. Alikwenda baada ya wiki mbili. Akaendelea kwenda, kila mwezi, na shati lake la kazi amelipiga pasi, kwa miaka. Mafao hayakutoka mpaka anaingia kaburini. Ndipo mimi nikaja Dar, na nadhani nusu ya wana Tanga wa umri wangu walioko hapa wana hadithi inayofanana na hii.

Sasa naona Tanga inabadilika tena na nataka tuizungumze vizuri. Bandari imechimbwa, bomba la mafuta linakuja, mkonge umerudi kwenye hotuba. Swali langu kwenu: safari hii jiji linasimama juu ya nini?

#2 Mdau wa Tandika

Mkuu, heshima yako. Umeandika vizuri ila kuna kitu umekizunguka. Sisi tuliokaa na watu wa Tanga tunajua ni watu wa starehe, kahawa na mabaraza. Viwanda vinahitaji watu wa kujituma. Huoni kwamba hilo nalo limechangia?

#3 Mleta mada

Kaka, nashukuru umelisema waziwazi, maana wengi wanalisema pembeni.

Mashamba ya mkonge yalilimwa na nani? Wenyeji wengi wa pwani waliikataa kazi ile kwa sababu walikuwa na mashamba yao ya minazi na bahari yao, na ujira ulikuwa mdogo. Wakoloni wakaenda kuchukua watu mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, watu wakaiita Silabu. Watu waliletwa kutoka Kigoma, Unyamwezi, Ubena, Msumbiji, Rwanda na Burundi. Kila mmoja alipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Alikuwa na kipande, kadi ya siku thelathini za kazi, na mshahara ulitoka kipande kikijaa.

Wengi hawakurudi kwao. Walioa, wakazaa, wakazika Tanga. Ukiingia Ngamiani au Makorora leo, ukiuliza mtu babu yake alitoka wapi, utaipata Tanganyika nzima na nchi jirani. Huyo unayemwona barazani na kikombe cha kahawa huenda ni mjukuu wa mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Buha kuja kukata mkonge wenye miiba kuanzia alfajiri. Anakaa barazani kwa sababu kiwanda kimefungwa, kaka yangu. Baba yangu naye alikaa barazani miaka yake ya mwisho, na hakuwa mvivu hata siku moja.

#4 Mdau wa Kimara (kwetu Korogwe)

Naunga mkono #3. Marehemu babu yangu alikuwa mkataji. Majani yalifungwa mafungu, kila fungu majani thelathini, na mnyapara anayahesabu mbele yako. Likipungua jani moja, fungu lote halihesabiwi. Babu alikuwa na makovu ya miiba mikono yote miwili. Alikuwa akituonyesha kama mtu anavyoonyesha cheti.

Kuhusu mkonge wa sasa niongeze kidogo, maana nyumbani tuna eneo. Mfumo umebadilika. Kwenye mashamba kama Magoma, Magunga, Mwelya, Ngombezi na Hale, wakulima wadogo wana maeneo yao ndani ya shamba kubwa, wanalima wenyewe, na wamejiunga kwenye vyama vya ushirika. Jani ni mali ya mkulima. Hilo babu yangu asingeliamini.

Tatizo letu ni korona. Kwa wasiojua, korona ni ile mashine kubwa ya kusaga jani ili singa zitoke. Korona nyingi ni za zamani sana, ikiharibika moja wakulima wote wa eneo wanakaa. Na jani la mkonge likishakatwa halisubiri. Likikauka limekwenda, na jasho la miaka mitatu limekwenda nalo.

#5 Mleta mada

Hapo #4 umegusa pale penyewe. Ukisaga jani, singa unayopata ni kama asilimia 4 tu, wakati mwingine pungufu. Zaidi ya asilimia 95 ni maji na makapi, na kwa miaka mia moja tuliyamwaga mtoni. Hale waliwahi kujenga mtambo wa kuyageuza makapi kuwa gesi na umeme. Jaribio dogo, lakini lilionyesha kwamba tulikuwa tunatupa mali. Na pale kituo cha utafiti wa mkonge cha Mlingano, Muheza, ndipo ilipotoka mbegu chotara inayoitwa 11648, inayotoa majani mengi kuliko mkonge wa zamani na ikasambaa mpaka nje ya nchi. Tumetoa mbegu kwa dunia kisha tukaendelea kuuza singa ghafi. Linaniuma hilo.

Serikali ilijiwekea lengo la tani 120,000 kwa mwaka ifikapo 2025. Sina ugomvi na lengo. Ninachoomba ni kwamba hizo tani zikifika Tanga zikute viwanda vya kusokota, vya mazulia, vya magunia, vya vifaa vya ujenzi. Tukizipakia melini kama zilivyo, tutakuwa tumerudi 1964 na bei itatufanyia ilichotufanyia.

#6 Mzee wa Kurasini

Vijana wangu, nimesoma kimya nikaona niseme. Nimefanya kazi za bandari maisha yangu yote, Tanga kwanza, halafu hapa Dar.

Watu hawajui kilichoiua bandari ya Tanga. Gati lilikuwa na kina cha mita tatu. Meli ya maana haisogei pale. Ilikuwa inatia nanga huko nje, tunaifuata kwa matishari. Mzigo unashushwa kwa winchi ya meli kwenda kwenye tishari, tishari linavutwa na tagi mpaka gatini, halafu mzigo unapakuliwa tena. Kazi ileile mara mbili. Upepo ukivuma tunasimama. Mvua ikinyesha na mzigo ni mbolea au saruji, tunasimama. Meli inayohudumiwa siku mbili kwingine, kwetu ilikuwa inakaa siku tano au zaidi, na kila siku mwenye mzigo analipa. Mfanyabiashara wa Moshi au Arusha mwenye akili zake anapeleka mzigo Mombasa au Dar. Hatukumlaumu.

Ilikuwa kazi ya hatari pia. Kati ya meli na tishari, bahari ikichafuka, mtu akiteleza ndiyo basi. Nimezika wenzangu wawili.

#7 Mleta mada

Shikamoo mzee. Ahsante sana kwa kutuandikia, na poleni kwa wenzenu hao.

Kwa wasiofuatilia: kina hicho cha mita tatu alichokitaja mzee sasa ni mita 13. Mradi mzima, pamoja na kuimarisha gati mbili zenye urefu wa mita 450, umegharimu Shilingi bilioni 429.1. Meli sasa inakuja mpaka ukutani. Nilikwenda mwaka jana nikasimama upande wa Raskazone nikaitazama meli kubwa inaingia ghubani, inapita kisiwa cha Toten, inasogea, inasogea, na haisimami kule tulikozoea. Nililia. Nilikuwa namkumbuka baba, aliyekuwa akisema kiwanda chao kingepona kama meli ingefika gatini.

Katika yote mapya, bandari ndiyo ninayoiamini zaidi, kwa sababu inamfaa kila mtu: mwenye saruji, mwenye mkonge, mwenye kahawa wa Kilimanjaro. Na reli ya mizigo ya kwenda Moshi ilifufuliwa mwaka 2019 baada ya kulala miaka mingi. Viwili hivyo vikiungana vizuri, mji una mgongo.

#8 Mdau wa Ubungo

Mbona hamzungumzii bomba jamani? Kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga, na kwetu ndipo linapomalizikia. Mimi ni fundi wa kuchomelea, nina cheti, natafuta njia ya kwenda huko. Huu ndio uchumi wenyewe, mkonge ni mambo ya wazee.

#9 Mleta mada

Mdogo wangu, nenda. Kazi ya kuchomelea bomba ni kazi ya heshima na cheti chako kitakuwa na uzito popote utakapokwenda baadaye. Sitaki uelewe kwamba nalipinga bomba.

Ila litazame kama fundi. Mafuta ya Uganda ni mazito, yana nta, yakipoa yanaganda. Kwa hiyo bomba linapashwa joto njia nzima, na ndiyo litakuwa refu kuliko yote ya aina hiyo duniani. Kilomita 1,147 ziko kwetu. Yakifika Chongoleani yanaingia kwenye matangi makubwa, yanasukumwa mpaka gati la baharini, meli inajaza inaondoka. Uwezo wake ni mapipa 216,000 kwa siku. Sasa jiulize: katika safari hiyo, mwana Tanga anagusa wapi? Wakati wa kujenga anagusa sana, anachomelea, anapika, anapangisha vyumba. Ujenzi ukiisha, matangi na pampu vinahitaji watu wachache wenye ujuzi wa juu. Na yale mafuta hayasafishwi pale. Yanapita.

Singa nazo zilikuwa zinapita hivyo hivyo.

Kwa hiyo ninachoomba kwa halmashauri ya jiji, na kwa wabunge wetu, ni fedha ya kipindi hiki cha ujenzi isiishie kwenye nyumba za kulala wageni. Iende kwenye vyuo vya ufundi vya veta, iende kwenye umeme wa uhakika na maeneo ya viwanda vidogo. Watu wameshaongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 273,332 jijini, ya 2022 ikahesabu 393,429. Hao laki moja na zaidi ni vijana kama wewe, na watahitaji kazi siku mabomba yote yatakapokuwa yameshafukiwa.

#10 Dada wa Mbagala

Nimependa uzi huu, kaka. Nina swali la maisha ya kawaida. Mama mkwe ana ekari nne Muheza na anataka sisi watoto tusaidiane tufanye kitu. Mume wangu anasema mkonge, mimi nilifikiria ng'ombe wa maziwa. Wenye uzoefu wanasemaje?

#11 Mdau wa Kimara

Shemeji, mkonge unasubiri miaka mitatu hivi mpaka ukate mara ya kwanza, halafu utaendelea kuukata kwa miaka mingi mpaka utoe mlingoti, lile shina refu la maua. Kwa ekari nne peke yake, bila korona jirani, nisingekushauri. Gari la kubebea majani litakula faida yote. Ulizia kwanza korona iliyo karibu iko umbali gani na kama inafanya kazi.

#12 Mleta mada

Dada, swali lako limenirudisha kwenye jambo nililotaka kulisema toka mwanzo.

Kiwanda kilichonipa moyo kuliko vyote pale Tanga ni cha maziwa. Tanga Fresh kilianza mwaka 1997, kwa ushirikiano na Waholanzi, wakati viwanda vingine vinafungwa. Nyuma yake kulikuwa na wafugaji wadogo waliokwishaunda vyama na umoja wao wa ushirika, watu wenye ng'ombe wawili watatu wa kufugia bandani, na umoja huo ukawa na hisa kiwandani. Hakuna meli iliyohitajika kuleta malighafi. Maziwa yanakamuliwa Muheza, Pongwe na vijiji vya jirani alfajiri, yanapelekwa kwenye kituo chenye tangi la kupoozea, yanapimwa, yanakwenda kiwandani. Na leo mtindi wake unauzwa hapa Tabata, duka la pili kutoka kwangu.

Sisemi maziwa yatalilisha jiji zima. Nasema kile kiwanda kilijengwa kuanzia bandani kuja mjini, na vile vya baba yangu vilijengwa kuanzia ofisini.

Kwa ekari nne ningeanza na ng'ombe wawili, nusu ekari au zaidi ya majani ya kulisha, na mihogo na machungwa kwenye kilichobaki, maana Muheza machungwa yanakubali. Kabla ya kununua ng'ombe, mwambie mama mkwe aende kwenye kituo cha kukusanyia maziwa kilicho karibu naye, aulize mambo matatu: wanapokea saa ngapi, wanalipa kila baada ya siku ngapi, na wakati wa mvua barabara ikiharibika maziwa yanafikaje. Akipata majibu ya kueleweka, njoo humu utuambie. Mama mdogo wangu yuko Pongwe, anafuga, na amesema yuko tayari kumpokea mama mkwe wako siku yoyote aje aone banda lake.

#13 Dada wa Mbagala

Ahsante sana kaka. Nimempigia simu sasa hivi. Anasema kituo kipo, mwendo wa nusu saa kwa miguu, na kesho atakwenda kuuliza.